Shajara ya mradi: kurudisha kadi ya michoro kazini baada ya kuhamia kerneli 6.6

Jumatano, saa 3 usiku

Nimemaliza kusasisha mfumo jioni hii. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, imetoka 6.1 ikaenda 6.6, na tangu kompyuta iwake upya kadi ya michoro ni kama haipo. Skrini kuu imekwama kwenye pikseli 1024 kwa 768 wakati kioo chenyewe ni cha 1920 kwa 1080, kwa hiyo herufi zimevimba na kila duara limekuwa yai. Skrini ya pili ni giza tupu. Ukivuta dirisha, linakuja vipande vipande.

Kompyuta hii si yangu peke yangu. Mdogo wangu anachorea humu kazi yake ya chuo, jengo la ghorofa mbili, na Jumatatu anatakiwa kukabidhi. Amekuja akasimama nyuma ya kiti, akaangalia kidogo, akauliza: "Kaka, faili zangu zipo?" Zipo, diski haijaguswa. Lakini nilipolifungua lile jengo mbele yake na kulizungusha robo tu, nilihesabu hadi ishirini na tatu kabla halijatulia. Akaenda zake bila kusema neno.

Saa 4 na nusu usiku

Kabla ya kugusa chochote nimeandika hali ilivyo, maana nikianza kubadilisha mambo sitakumbuka tena nilianzia wapi.

`uname -r` inasema 6.6. `lspci -k` inaiona kadi na jina lake limetoka sawasawa, ila chini yake ule mstari wa "Kernel driver in use" haupo. Iliyonipa picha kamili ni `glxinfo -B`: anayechora ni llvmpipe. Hiyo ni sehemu ya Mesa, maktaba ya michoro ya Linux, inayochora kwa kutumia prosesa pale ambapo hakuna kadi ya kufanya hiyo kazi. Ndiyo maana feni ya prosesa inavuma hivi, na nikisogeza kiganja karibu na kadi naikuta imepoa.

Nikawasha tena, nikaisimamisha menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, nikaingia kwenye machaguo ya ziada na kuchagua kerneli ya zamani, 6.1. Skrini zote mbili zikawaka, jengo likazunguka kama kawaida. Kwa dakika mbili hizo nimewaondoa washukiwa watatu: kadi ni nzima, waya ni nzima, mipangilio ya skrini ni ileile. Kilichovunjika kiko kati ya draiva (programu inayoiendesha kadi) na kerneli mpya, na hakuna sababu ya kukitafuta kwingine.

Nimeshaona watu wengi wakifika hapa wanakimbilia kufuta draiva na kuisakinisha upya kwa kisakinishi cha mtengenezaji, juu ya ile iliyokuja kwa vifurushi vya mfumo. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo. Faili za aina mbili zikachanganyika kwenye folda zilezile, na nikatumia wikiendi nzima kuzitenganisha. Safari hii sifuti kitu.

Makubaliano na mdogo wangu: mchana anafanya kazi kwenye 6.1, usiku akilala kompyuta ni yangu. Nimeitia 6.1 alama kwa `apt-mark manual` ili usafishaji wa vifurushi usije ukaiondoa. Hatuwezi kubaki humo siku zote, kwa sababu toleo hili jipya la mfumo halileti tena marekebisho ya usalama ya 6.1. Lakini hadi Jumatatu ndiyo ngazi yetu ya kushukia.

Alhamisi, saa 5 usiku

Draiva ya kadi hii haimo ndani ya kerneli. Inakaa nje kama moduli, kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, na moduli hujengwa kwa ajili ya kerneli moja tu. Iliyojengwa kwa 6.1 haiingii kwenye 6.6, na ni vizuri hivyo, kwa sababu ingeingia kwa nguvu ingeandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu. Kazi ya kuijenga upya kila kerneli inapobadilika hufanywa na DKMS, programu iliyoanzia Dell mwaka 2003. Inatunza msimbo chanzo wa moduli chini ya `/usr/src`, na kerneli mpya ikisakinishwa inaamka yenyewe na kujenga.

Jana haikujenga. `dkms status` inaonyesha mstari mmoja tu, wa 6.1. Nikaiamuru kwa mkono ijenge kwa 6.6, ikajibu papo hapo kwamba haizioni faili za hedi za kerneli hiyo.

Hili ni kosa la kawaida kabisa. Faili za hedi ndizo zinazoieleza moduli jinsi kerneli ilivyopangwa ndani: majina ya funksheni, umbo la kila muundo wa data. Bila hizo kompaila, programu inayojenga moduli kutoka msimbo chanzo, haina pa kuanzia. Mimi nilikuwa nimesakinisha kifurushi cha hedi za 6.1 kwa namba yake, badala ya kile cha jumla kinachofuata kerneli popote iendapo. Mfumo ulipopanda, kerneli ilipanda na hedi zikabaki chini. Nimesakinisha kile cha jumla, na nimehakikisha kwamba `/lib/modules/` ya 6.6 ina kiungo cha `build` kinachoelekea kwenye folda iliyopo kweli.

Nikaamuru tena. Sasa ilianza kujenga, ikaendelea kama dakika moja, matumaini yakapanda, kisha ikasimama: ujenzi umeshindwa, soma `make.log`.

Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 7 usiku

`make.log` ina mistari zaidi ya elfu moja. Nyingi ni onyo tu, na nyingine ni makosa yaliyozaliwa na makosa mengine. Kompaila ikishajikwaa mara moja inaendelea kulalamikia kila kitu kilichotegemea pale ilipojikwaa. Ukisoma kuanzia chini, kama macho yanavyopenda kufanya, utaokota kosa la mwisho na kulihangaikia bure. Linalotakiwa ni la kwanza. `grep -n "error:" make.log | head` ilinitolea hili:

`error: assignment of read-only member 'vm_flags'`

Yaani draiva inajaribu kuandika kwenye sehemu iitwayo `vm_flags`, na kerneli imeifanya sehemu hiyo kuwa ya kusomwa tu.

Nimekaa nalo kosa hili kwa muda kwa sababu linaeleza habari nzima. Kila eneo la kumbukumbu ambalo programu inamiliki lina rekodi yake ndani ya kerneli, na `vm_flags` ni alama zinazosema eneo hilo linaruhusiwa nini: kuandikwa, kupanuliwa, kama linaelekea kwenye kifaa au la. Kwa miaka mingi draiva zilikuwa zinazigeuza alama hizi moja kwa moja, kila mmoja kwa wakati wake. Kuanzia 6.3 mlango huo umefungwa. Anayetaka kuongeza alama anaita `vm_flags_set`, anayetaka kuondoa anaita `vm_flags_clear`. Sababu yake ni ya maana. Watunzaji wa kerneli walikuwa wanaandaa kufuli la kila eneo peke yake, badala ya kutegemea kufuli moja kubwa la programu nzima, ili nyuzi nyingi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zifanye kazi bila kungojeana. Kufuli la namna hiyo halina faida ikiwa mtu anaweza kupita dirishani na kugeuza alama bila kulishika.

Kwa hiyo kerneli haijakosea. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake ni wakali sana juu ya programu za mtumiaji: programu iliyofanya kazi jana lazima ifanye kazi kesho. Lakini ndani ya kerneli yenyewe hakuna ahadi hiyo, na waraka uliomo humohumo kwenye msimbo chanzo unalieleza jambo hili bila kuzunguka. Draiva iliyomo ndani hurekebishwa na yuleyule anayebadilisha funksheni. Iliyo nje inajitafutia. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kutoka 6.1 hadi 6.6 ni hatua tano. Mtengenezaji wa kadi yetu, kwa upande wake, ameshaacha kutoa matoleo mapya ya draiva kwa kadi za umri huu. Kadi ni nzima, inachora vizuri, na ingeweza kuendelea miaka mingine. Inaniuma kuona chuma kizima kikihesabiwa taka kwa sababu ya mistari michache ambayo hakuna anayeisahihisha.

Nalala. Kesho naisahihisha.

Ijumaa, saa 4 usiku

Draiva hii imekuja kwa sehemu mbili. Kiini chake kimefungwa, ni faili lililokwisha kujengwa na hakuna wa kulisoma. Lakini ganda lake la nje, lile linaloongea na kerneli, limeletwa kama msimbo chanzo, kwa sababu ndilo lazima lijengwe upya kila mara. Makosa yote yako kwenye ganda. Hiyo ni bahati yetu.

Nimenakili folda nzima mahali pengine na kuanza kazi kwenye nakala. `grep -rn "vm_flags"` imenipa sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa hivi:

`vma->vm_flags |= VM_IO | VM_DONTEXPAND;`

Nikaiandika hivi:

`vm_flags_set(vma, VM_IO | VM_DONTEXPAND);`

Nimeiweka ndani ya sharti la `#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6, 3, 0)`, na mstari wa zamani nimeuacha chini ya `#else`. Bado nataka msimbo uleule ujengeke kwenye 6.1, vinginevyo nitamvunjia mdogo wangu kompyuta ya mchana.

Sehemu ya pili sawa. Ya tatu nimeibadilisha kwa haraka kama zile mbili, na nilipokuwa narudia kusoma ndipo nikaona kwamba asili yake haikuwa `|=` bali `&= ~VM_WRITE`. Pale draiva ilikuwa inaondoa ruhusa ya kuandika. Mimi nilikuwa nimeandika `vm_flags_set(vma, ~VM_WRITE)`, maana yake washa kila alama iliyopo isipokuwa hiyo moja. Kompaila ingekubali bila hata onyo. Kompyuta ingewaka, picha ingeonekana, na siku moja ingekufa ghafla katikati ya kazi bila kuacha sababu. Nimeigeuza kuwa `vm_flags_clear(vma, VM_WRITE)`, kisha nimesoma zote nne upya kwa sauti, mstari wa zamani na mpya, moja baada ya nyingine.

Nikajenga. Makosa ya `vm_flags` yameisha yote, na nyuma yake limejitokeza lililokuwa limefichwa: `get_user_pages` imepewa vitu vingi kupita kiasi. Hili ni jepesi. Hadi 6.4 funksheni hiyo ilipokea vitu vitano, na 6.5 ikaondoa cha mwisho. Nimeangalia draiva inaipa nini pale mwishoni, nikakuta `NULL`, kwa hiyo haikuwa inakitumia. Nimekitoa, chini ya sharti lake la 6.5.

Nikajenga tena. Safari hii ilifika mwisho. Nimetazama ule mstari wa mwisho wa logi mara mbili.

Saa 6 usiku

Kabla sijaenda mbele nimefanya kitu ambacho kikiachwa leo hakitafanywa tena. Kuhariri faili chini ya `/usr/src` kwa mkono hakudumu, kwa sababu kifurushi cha draiva kikisakinishwa upya kinafuta kila kitu. Nimetoa tofauti kati ya folda ya asili na nakala yangu kwa `diff -u`, nikapata viraka viwili, kimoja cha kila badiliko. Nimeviweka kwenye folda ya `patches` ya moduli na kuvitaja kwenye `dkms.conf` kwa mistari ya `PATCH[0]` na `PATCH[1]`. DKMS huvibandika yenyewe kila inapojenga. Nakala nyingine nimeihifadhi kwenye diski ya nje pamoja na shajara hii.

Nimejaribu pia kujenga kwa 6.1 kwa viraka hivyohivyo. Imekubali.

Jumamosi, saa 3 usiku

Moduli imesakinishwa kwenye 6.6, `dkms status` inaonyesha kerneli zote mbili. Nimewasha 6.6 nikiwa na uhakika, na skrini imerudi na mayai yake. Hakuna kilichobadilika.

Nimejaribu kuipakia moduli kwa mkono kwa `modprobe`: "Key was rejected by service". Na `dmesg`, logi ya kerneli, ikaongeza kwamba moduli imekataliwa kwa sababu ufunguo wake haupatikani.

Hapa tumetoka kabisa kwenye habari za kompaila. Kompyuta hii imewashwa Secure Boot, `mokutil --sb-state` imethibitisha. Chini ya mpango huo kerneli haipokei moduli yoyote isiyo na saini ya ufunguo inaoutambua. Moduli yangu ina saini, nimeiangalia kwa `modinfo -F signer`. Ila jina la aliyesaini silijui.

Niliwahi kutengeneza ufunguo wangu mwenyewe na kuusajili, na DKMS nilikuwa nimeielekeza iutumie. Kwa nini leo imesaini kwa mwingine? Nimekwenda kwenye `/etc/dkms` na jibu lilikuwa limelala pale: faili mbili, `framework.conf` na `framework.conf.dpkg-old`. Wakati wa kusasisha mfumo niliulizwa kama nibaki na faili langu la mipangilio au nipokee jipya, nami nikapokea jipya bila kutazama tofauti. Mistari miwili iliyotaja ufunguo wangu na cheti chake ikaondoka nalo. DKMS ilipokosa maelekezo ikajitengenezea ufunguo wake chini ya `/var/lib/dkms` na kuutumia kwa uaminifu, lakini ufunguo huo hakuna aliyeusajili.

Njia zilikuwa mbili. Kuusajili ufunguo mpya kwa `mokutil --import`, kuweka nenosiri la mara moja, kuwasha upya na kuukubali kwenye ile skrini ya bluu kabla mfumo haujapanda. Au kuirudisha mistari yangu miwili. Nimechagua ya pili, maana `mokutil --test-key` imeniambia cheti changu bado kimesajiliwa, na sioni haja ya kuwa na funguo mbili zinazoaminika mahali ambapo mmoja unatosha. Kuna wanaoshauri kuizima Secure Boot na kuendelea na maisha. Sikubaliani nao kwa kompyuta ambayo inabeba kazi ya mtu mwingine.

Nimeirudisha mistari, nimeiondoa moduli ya 6.6 kwenye DKMS, nimeijenga na kuisakinisha upya. `modinfo -F signer`: jina langu. `modprobe`: kimya. Kwenye amri hii kimya ni jibu zuri. `lspci -k`: ule mstari uliokosekana tangu Jumatano umerudi chini ya kadi.

Nimewasha upya. Herufi ndogo, kali. Skrini ya pili ikachelewa kama sekunde mbili, kisha ikawaka. Nimefungua `glxinfo -B` na kusoma jina la kadi yetu pale palipokuwa na llvmpipe.

Jumapili, mchana

Kuwaka pekee hakunitoshi, hasa kwa msimbo niliogusa mwenyewe kwenye mambo ya kumbukumbu. Nimeilaza kompyuta na kuiamsha mara tano, skrini zote mbili zimerudi kila mara. Nimeacha video ikicheza saa mbili huku jengo la mdogo wangu likizunguka kwenye skrini ya pili. `journalctl -k` haina onyo hata moja linalotaja moduli. Joto la kadi limepanda na kutulia palepale linapotuliaga.

Mchana huuhuu limekuja sasisho dogo la kerneli, bado ndani ya 6.6. Sikuliomba, ila lilikuwa jaribio nililolihitaji kuliko yote. Nimeketi nikiangalia terminali bila kugusa kitu: hedi zimeshuka pamoja na kerneli, DKMS imeamka, viraka viwili vimebandikwa, moduli imejengwa na kutiwa saini. Baada ya kuwasha upya sikuwa na la kufanya.

Jumatatu, saa 1 asubuhi

Nimemkuta mdogo wangu ameshakaa. Alikuwa amewasha mwenyewe, bila kuingia GRUB kutafuta 6.1 kama tulivyokubaliana, na hakuwa anajua kwamba yuko kwenye 6.6. Alikuwa anapunguza upana wa ngazi ya ghorofa ya pili, analizungusha jengo, anachungulia kwa chini, analizungusha tena.

"Kaka, hii inatoa picha ya mwisho sasa hivi. Usiizime."

Sijaizima.